Nilimdanganya Mama Akello Kuhusu Mkono Wake

Jamani, mtanitukana, na mnitukane tu. Kosa ni langu, msimsingizie shetani. Nilimdanganya mwanamke mgonjwa kuhusu mkono wake mwenyewe, na uongo huo ukamwunguza.

Mimi ni Mkenya, fundi wa umeme. Nilienda Juba miaka ile ya baada ya mkataba wa amani, kabla watu hawajapiga kura ya kujitenga. Kazi ilikuwa tele: jenereta, kompyuta, friji za mahoteli ya mtaa wa Hai Amarat. Lakini nilifika nikiwa nimeibiwa begi, simjui mtu. Aliyenipokea ni Mama Akello, Mganda aliyekuwa na hoteli ya mabati nyuma ya ofisi za mashirika ya misaada.

"Kula kwanza, mwanangu," aliniambia. "Kulia utalia baadaye."

Tangu siku hiyo nikamwita Mama.

Kisha kiharusi kikampiga. Upande wa kulia ukalegea, halafu vidole vikajikunja vikakakamaa. Binti yake, Stella, aliacha kazi Kampala akaja kumuuguza. Kila asubuhi alimkanda mkono, kisha akamwaga maharagwe kwenye sinia ili Mama ayaokote. Mama alitokwa jasho kwa harage moja! Lakini gumba na kidole cha shahada vilikuwa vimeanza kutii.

Nikaona na mimi nisaidie. Nikashona glavu ya ngozi, nikapitisha nyaya za breki za baiskeli kwenye kila kidole, nikaziunga na mota za kupandisha vioo vya gari. Ndani nikaweka swichi nyepesi. Mama akijaribu mwenyewe, hata kidogo tu, mota inammalizia. Asipojaribu, mashine inanyamaza. Maana dawa yenyewe ilikuwa pale kwenye kujaribu, kichwa kijifunze upya kuuamuru mkono. Nilijua hilo. Nilijua kabisa!

Habari zikafikia shirika moja. Wakaja makawaja wawili, wazungu, na bosi wao kuangalia. Mama akavaa gomesi yake nzuri, lile gauni la Kiganda, akaketi mezani, akaingiza mkono kwenye glavu.

Glavu haikusogea. Hofu ilikuwa imemkaza, hata vile vidole viwili vilivyoanza kutii vikagoma. Bosi akaanza kuangalia saa.

Chini ya meza kulikuwa na swichi ya mguu niliyoitumia kupima mota. Ukiikanyaga, glavu inajiendesha yenyewe. Nikaikanyaga.

Vidole vikafunguka, vikashika kikombe. Wageni wakapiga makofi. Mama akapiga vigelegele, machozi yanamtoka. "Mungu wangu! Mkono yangu imerudi! Stella, ona, mkono imerudi!"

Ningesema pale pale. Sikusema. Shirika likanipa ofisi na kazi ya kutengeneza mashine nyingine, na kila wageni walipokuja, nilikanyaga. Mwishowe nikawa nakanyaga hata tukiwa peke yetu, kwa sababu Mama alikuwa anafurahi mno.

Stella akanivuta kando. "Niambie ukweli. Ni yeye ama ni mota?"

"Ni yeye," nikajibu. "Mota inamsaidia kidogo tu."

Bora ningeumwa na nyoka ulimini!

Mama akaacha maharagwe. "Hiyo ni ya wagonjwa," alisema. "Mimi iko mzima sasa." Akivua glavu, mkono ukikataa, anasema umechoka tu. Vile vidole viwili vilivyokuwa vimeanza kutii vikakakamaa tena. Niliona kwa macho yangu, nikanyamaza.

Asubuhi moja Stella alikuwa sokoni. Mama akaamua kunipikia mandazi, mimi, ili nione amepona. Akashika karai la mafuta ya moto kwa mikono miwili, bila glavu. Ule wa kulia haukushika. Mafuta yote yakamwagikia mapajani na miguuni.

Siku iliyofuata Stella aliniita hotelini. Glavu ilikuwa mezani, tupu. Akaniangalia usoni, akakanyaga ile swichi ya chini ya meza. Glavu ikajikunja, ikajikunjua.

"Nani yuko ndani?" akaniuliza. "Si uliniambia ni yeye? Nijibu, nani yuko ndani?"



Nikaenda hospitali alikolazwa, nikamwambia Mama mwenyewe. Aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine.

"Ungeniambia mkono bado," akasema. "Mimi ningengoja. Nani alikuambia mimi siwezi kungoja?"

 

Stella alimrudisha kwao Gulu, Uganda, hoteli ikafungwa. Shirika lilipojua likanifukuza, na hilo halikuniuma hata kidogo. Kinachoniuma ni kwamba nilisikia kwa dereva mmoja wa basi kuwa Mama analishwa na Stella, na ule mkono haugusi tena kitu. Nikipiga simu, Stella anakata akisikia sauti yangu.

Nyinyi mnaotengeneza vitu vya kusaidia wagonjwa, nawaomba. Mgonjwa akishindwa mbele ya wageni, mwache ashindwe! Wageni wataenda zao. Usimpe mtu furaha ya kudhani ana nguvu asiyokuwa nayo, maana ataitumia siku ambayo wewe hupo. Na kama umeshadanganya, nenda ukaseme leo. Mimi nilienda kusema akiwa amefungwa bandeji.