Abiria Aliyepigwa Picha Kidahwe

Siku ya kwanza kazini Dereva Mkuu hakunipa ufunguo. Alinipa ndoo na kitambaa, akasema niifute gari ndani mpaka yeye aseme basi. Ilikuwa gari ndefu nyeupe ya kusafirisha marehemu, pale Singida. Mimi nilikuwa na elimu ya darasa la saba, na udereva nilijifunza kwenye lori la matofali. Nilipofika kwenye kiti cha mbele cha kushoto akanishika mkono.

"Hiki unakifuta, hukikalii," alisema. "Wakati wa kwenda anakaa ndugu mwenye picha ya marehemu. Wakati wa kurudi hakai mtu. Hata kama ni mama yako yuko njiani na mvua inanyesha, umpite. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mkuu."

"Sema kwa sauti. Hawa tunaowabeba hawasikii minong'ono."

Nawaandikia wadogo zangu mnaoitamani kazi hii, kwa sababu watu hudhani ni usukani tu. Kwanza kuna mwendo. Kwenye makazi ya watu hatukuzidi spidi arobaini, hata kama kibao kinaruhusu zaidi. Dereva aliyeandikiwa mwendo kasi alirudisha ufunguo na kazi ikaisha, hakuna mjadala. Dereva Mkuu alisema hakuna mtu atakayempa baba yake kijana anayekimbia.

Pili kuna kusema njia. Kwenye kila mto mkubwa na kila njia panda unapunguza mwendo, unapiga honi moja fupi, unamwambia marehemu mahali alipo: "Mzee, tunavuka Malagarasi." Mkifika, jeneza likishashushwa, yule ndugu mwenye picha hufungua mlango wa kushoto na kusema, "Umefika, shuka." Halafu anaufunga. Hapo ndipo gari huhesabiwa kuwa tupu. Mimi ni mtu wa aibu. Mwanzoni niliyasema haya maneno huku natazama dirishani kama mwizi.

Nilianza na safari fupi za Manyoni na Iramba. Baadaye nikapewa safari ya Kigoma, peke yangu.

Tulimbeba Mzee Daudi, seremala, Muha wa Kigoma aliyeishi Singida mpaka nywele zikawa nyeupe. Ndugu zake walitaka alale kwao, kijiji cha ufukweni kaskazini mwa mji wa Kigoma. Binti yake, Dada Yusta, alikaa kushoto na picha mapajani. Ndani ya picha mzee alivaa koti jeusi na kofia ya pama, kichwa kimelala kidogo upande mmoja, kama anayesikiliza mbao ikipasuka. Malagarasi, nilipopiga honi na kumwambia mzee tunavuka, Dada Yusta alinigeukia.

"Mwambie polepole," alisema. "Safari hii hakuipenda."

Nikadhani ni uchungu wa msiba.

Tulipofika, mvua ilikuwa inatoka ziwani. Jeneza likashushwa. Dada Yusta akaja mpaka kwenye mlango wa kushoto, picha ameifunika kwa kanga. Akautazama mlango, akaugusa, akaondoka. Watu walikuwa wanakimbilia turubai. Si kazi ya dereva kumvuta mfiwa mkono.

Kesho yake baada ya mazishi nilianza kurudi. Nilipita Gungu, nikafika Kidahwe. Mbuzi alivuka mbele yangu na sikuhitaji hata kukanyaga breki, maana mshale ulikuwa kwenye arobaini. Mbele kidogo Koplo wa usalama barabarani akanisimamisha.

"Dereva, unawahi msiba gani na mwendo huo?"

"Msiba nimeshaufikisha, afande. Narudi."

"Unarudi na tisini na moja kwenye hamsini?"

Askari mmoja hukaa nyuma na tochi, kile chombo cha kupima mwendo, halafu picha hutumwa kwenye simu ya mwenzake aliye mbele. Koplo akanionyesha. Niliiona gari yetu, namba yetu, na mimi nimeshika usukani kwa mikono miwili. Kushoto alikaa mtu mwenye kofia.

"Mimi nilikuwa arobaini, afande."

"Barabara hii kila mtu ni arobaini." Akachungulia ndani. "Mzee wako umemshusha wapi?"

Nikageuka. Kiti kilikuwa kitupu, ila sponji yake imebonyea, na gari ilinuka mbao iliyopigwa randa muda huohuo.

Niliomba kupinga. Nikaelekezwa kituoni mjini, kwa Inspekta. Nilikaa Gungu nyumba ya wageni na kwenda na kurudi. Leo Inspekta yuko Kasulu, kesho yuko kwenye kikao, njoo mchana, njoo kesho. Hakuna aliyenionea. Nilikuwa mbali na kwetu tu, simjui mtu, na kila asubuhi nikifuta kiti cha kushoto sponji ilipanda kidogo chini ya kitambaa, halafu ikabonyea tena.

Inspekta aliponisikiliza alikuwa mpole.

"Tochi tumeipima, ni nzima. Lakini una haki yako. Mlete huyu mzee aseme aliona mwendo gani, nami nitafikiria upya."

"Sikuwa na mtu, mkuu."

"Picha hii, kiti cha kushoto kuna mtu?"

"Yupo."

"Sasa kijana, mtu yupo unasema hayupo, mwendo upo unasema haupo. Nikuamini lipi?"

Akanitumia picha kwenye simu. Nikarudi kijijini nayo, kwani sikujua pengine pa kwenda.

Dada Yusta aliitazama muda mrefu. "Kofia hii tumemzika nayo," alisema.

Baba yake mdogo, aliyekuwa ameketi kwenye ukingo wa mtumbwi uliopinduliwa, akaichukua simu kwa mikono miwili. "Yusta, ulimwambia amefika?"

"Sikumwambia."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Ningemdanganyaje, baba mdogo? Aliomba alale karibu na mama, Singida. Ninyi mkasema halali ugenini. Nilipofika mlangoni neno halikutoka."

Ziwa lilikuwa limetulia kama limeambiwa linyamaze. Baba mdogo akairudisha simu.

"Tangu utoto huyu alikuwa na haraka," alisema. "Akitumwa sokoni Ujiji, unashangaa yuko hapa na chumvi, aliyemtuma hajamaliza kumtukana." Akacheka kidogo, akaacha. "Kumbe alikuwa anakwenda kwake."

Nikajikaza kuuliza. "Na mimi, mzee? Ufunguo wangu?"

"Nitakuja niseme ni mimi niliyekaa pale. Tumefanana. Nitasema arobaini. Bosi wako akiuliza, nitamwambia mdogo wa marehemu alipewa lifti, ana mvi, ana huzuni. Nani atakukasirikia?"

Ulikuwa msaada wa kweli, na nilikubali. Dada Yusta hakutukataza. Alisema tu, "Halafu baba atakuwa hakukaa popote."

Tulikwenda wote watatu mpaka kituoni. Baba mdogo alikuwa amevaa koti jeusi. Mlangoni nikakumbuka neno la Dada Yusta, nikawaomba wasubiri nje, nikaingia peke yangu.

"Shahidi yuko wapi?" Inspekta aliuliza.

"Hakuna wa kusema badala yake, mkuu. Alikuwa na haraka ya kufika nyumbani. Naacha kupinga."

"Alikuwa anatoka wapi?"

"Mazishini."

"Kumzika nani?"

Nikaitazama simu yake. Inspekta aliitazama ile picha, akanitazama mimi, akailaza simu kifudifudi mezani.

"Nenda kalipe faini," alisema taratibu. "Na ukifika Kidahwe, umwambie na yeye apunguze."

Baba mdogo alibaki amesimama barabarani, kofia mkononi. Dada Yusta alipanda nyuma, mahali pa jeneza, tumpeleke baba yake Singida. Kidahwe nikapiga honi na kusema jina la mahali. Malagarasi nikasema. Kaliua, Urambo, Tabora, kote nilisema kwa sauti, bila aibu, na gari ilikwenda kama nilivyoiambia.

Singida tulisimama karibu na kaburi la mama yake. Dada Yusta akafungua mlango wa kushoto.

"Baba, umefika. Shuka."

Tukangoja. Sponji ilianza kupanda, taratibu, kama mtu mzima anavyonyanyuka akijishika magoti. Ilipokuwa sawa akaufunga mlango. Harufu ya mbao ilikuwa imekwisha.

Dereva Mkuu alikuwa na habari tayari. "Umeandikiwa mwendo kasi?"

"Nimeandikiwa."

"Na kiti cha kushoto?"

"Alikaa mtu."

"Nani?"

"Mzee mwenyewe, mkuu."

Alinyoosha mkono, nikampa ufunguo. Hakuuweka mfukoni mara moja. "Ameshuka?"

"Ameshuka."

"Basi hiyo safari uliimaliza," alisema, akaingia ofisini.

Nimestaafu katika umri ambao wenzangu wanatafuta leseni. Sasa nashona viti vya magari hapa sokoni, na kazi naipenda, haina maneno mengi. Sponji nzima ukiikandamiza na kuiachia, hurudi yenyewe. Mteja akiniletea kiti kilichobonyea ambacho hakirudi, siichomoi sponji haraka. Namuuliza kwanza alimbeba nani mara ya mwisho, na kama kuna mtu aliyemwambia amefika.