Ngozi ya Baba

Wanafunzi wangu huniuliza mbona nimemaliza ujana wangu nikichunguza jinsi mwili unavyokataa kiungo cha mtu mwingine. Huwajibu kwa mkato, eti napenda sayansi. Uongo mtupu. Ni hasira.

Wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni tulihamishwa kwa nguvu tukakae katika kijiji kilichozungushiwa handaki. Askari waliichoma nyumba yetu karibu na Kianjokoma, mimi nikiwa bado ndani. Nilikuwa na miaka sita. Kwenye hospitali ya misheni, daktari Mzungu alikata ngozi pajani mwa mama akanibandika mguuni palipoungua. Ilishika, mama akalia kwa furaha. Wiki moja na ushei ikawa nyeusi, ikabanduka. Baba naye akatoa yake. Nayo ikabanduka vilevile.

Waswahili husema kitanda hakizai haramu. Wazee wa ukoo wetu hawakuwa Waswahili. Waliposikia ngozi ya baba imekataa kushika, walisema damu yenyewe imetoa ushahidi, mtoto si wetu. Baba akasimama mbele yao akaapa kwamba hakunizaa. Mama akafukuzwa arudi kwao Meru, na pasi ya kusafiria hakuwa nayo. Siku zile kutembea bila pasi ilikuwa kujipeleka kifungoni mwenyewe. Alikamatwa njiani, akatiwa kambini, akafia humo kwa homa ya matumbo. Mimi bado nilikuwa kitandani hospitalini. Masista ndio walioniambia, na ndio walionilea.

Miaka mingi baadaye nilijifunza kwamba mwili hukataa ngozi yoyote isiyo yake, isipokuwa ya pacha wa kufanana. Haujali mama wala baba. Nilifunga safari nikamkuta baba, mzee sasa, uani kwake akichambua maharagwe. Nilimweleza polepole, ingawa moyoni nilitaka kumpigia kelele.

“Ngozi ya mama pia ilibanduka,” nikamwambia. “Mbona hakuna aliyesema mimi si mtoto wake?”

Aliokota jiwe dogo kwenye ungo, akalitupa kando.

“Hilo nililiona wiki ileile, mama yako hajafika mbali,” akasema. “Lakini nilikuwa nimeshaapa, mwanangu.”