Mnada wa Koo la Honi

Wateja walimwita dalali huyu Honi, na hawakumsingizia. Akisimama juu ya kreti lake mnadani kunadi kabati kuukuu, hata waliokuwa ng'ambo ya barabara walijikuta wanapapasa mifuko. Mkewe hudai kwamba siku ya kumchumbia alimnong'oneza, na majirani wote wakajibu. Sasa sauti hiyo ikaanza kukwaruza. Ikakwaruza miezi, mpaka siku moja kabati zima likaenda kwa bei ya kutupa kwa kuwa wanunuzi hawakusikia kitu.

Hospitalini wakapitisha mpira wenye kamera kooni, wakanyofoa kipande kidogo cha nyama, wakakipima. Ilikuwa saratani ya zoloto, pale pale sauti inapotengenezwa. Daktari wa kwanza akamwambia huenda zoloto likatolewa lote.

"Dalali bubu ni dalali gani?" alimuuliza mkewe. "Bora nife na sauti yangu."

"Mume bubu namtaka, marehemu simtaki," mkewe akajibu. "Vaa viatu, tunaitwa kwenye kikao."

Pale hospitalini mtu mmoja haamui peke yake. Kila Jumanne mabingwa wa fani zote hukaa meza moja, na kanuni yao ni kwamba mpasuaji husema mwisho, maana akianza yeye, wadogo wote huitikia amina. Mgonjwa hukaribishwa asikilize.

Daktari wa picha akaonyesha picha ya uvimbe ukutani. Ulikuwa umekua, lakini haujatoka nje ya zoloto.

Daktari wa mionzi akainua mkono. "Nipeni wiki saba."

"Naongeza dawa," akasema wa dawa za saratani, mkono juu. "Ziende sambamba na mionzi."

"Koo litaungua, atashindwa kumeza," akasema mtaalamu wa lishe. "Naongeza uji wenye nguvu, na mpira wa kulishia ukihitajika."

"Na mimi mazoezi ya kumeza na kusema," akadakia mama wa mazoezi ya sauti, "tangu siku ya kwanza!"

Honi akaketi wima. Mikono inapanda! Huyu anaongeza, yule anaongeza! Jamani, si mnada huu? Na mali yenyewe ni koo lake! Macho yote yakamgeukia mpasuaji, mzee wa miwani, ambaye hakuwa na haraka hata kidogo.

"Ikishindikana, nitakata," akasema. "Lakini kwa niliyoyasikia, tuanze bila kisu."

Honi akapiga meza ngumi. "Mara ya kwanza! Mara ya pili! Mara ya tatu! Imeuzwa!" Sauti ilitoka kama mlango wenye kutu. Nesi akamwaga chai yake, na mkewe akafunika uso kwa mtandio ili wasimwone anavyocheka.

Wiki saba zile zilikuwa chungu kama shubiri. Chumvi na sukari zikawa kitu kimoja mdomoni, uji ukashuka kwa machozi. Siku aliyotaka kutoroka, nesi alimpigia simu mkewe, wa lishe akabadilisha uji, wa dawa akaongeza ya maumivu, yote asubuhi moja.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," mkewe akamwambia. "Tulia uvunjiwe."

Akatulia. Miezi ilipopita akapitishiwa kamera tena, na koo lilikuwa safi! Wakamwita kikaoni wamsikie. Sauti ilibaki na mkwaruzo, labda haitavuka barabara tena, lakini ilikuwa yake. Furaha ikamjaa mpaka miguu ikakosa adabu. Akapanda juu ya kiti, mama wa mazoezi akimsihi ashuke, akamnyooshea kidole mpasuaji.

"Nauza kisu cha daktari! Kikali, kinang'aa, hakijatumika! Nani ananunua?"

Mpasuaji alicheka mpaka akavua miwani. Honi akaita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuna aliyeinua mkono, na katika maisha yake yote ya udalali, huo ndio mnada pekee uliokosa mnunuzi akaufurahia.