Picha ya mkono usio na mwenyewe, na jinsi nilivyomtorosha mwanangu asichanjwe ndui

Wakuu wa jukwaa, heshima kwenu. Wakubwa zangu waliobaki, kama wapo, shikamooni. Wadogo nawapokea.

Hii ninayoandika ni kweli. Chumvi mtaikuta, maana mimi natia kwa kijiko cha kupakulia, lakini mboga yenyewe ilikuwapo sufuriani.

Nianze na aibu yangu.

Mwishoni mwa miaka ya hamsini, nikiwa na miaka kama ishirini, niliamini kwa moyo wote kwamba watu wa chanjo hukata mikono ya watu. Mikono hiyo inafungwa kwenye magunia ya kahawa, inashushwa Bukoba, inapanda meli, inakwenda Ulaya kuunganishwa kwa askari waliopoteza ya kwao vitani.

Msicheke kwanza. Nilikuwa hata na maelezo ya kwa nini wanataka ya kwetu: mkono uliokamua ng'ombe tangu utotoni una nguvu kuliko mikono yote duniani. Hilo la nguvu bado naliamini.

Sasa niwaeleze uvumi ulikotoka, msije mkadhani tulikuwa wajinga tu.

Sisi kwetu ni watu wa ng'ombe, upande wa Isingiro (enzi hizo hakuna wilaya ya Kyerwa, kote kulikuwa Karagwe). Miaka michache kabla ya haya, homa ya mapafu iliingia kwenye mifugo. Bwana mifugo akaja na debe la rangi nyekundu. Akampima ng'ombe, akimwona mgonjwa anampiga mstari begani. Hakueleza kitu.

Asubuhi yake, kila mwenye mstari alipigwa risasi akafukiwa.

Baba yangu alikuwa na jike mmoja wa rangi ya kahawia, alikuwa akimwimbia kuliko alivyomwimbia mama. Alipakwa. Baba alikaa mlangoni siku tatu bila kula, na mimi nilimwona mzee yule kwa mara ya kwanza akilia.

Kwa hiyo kwetu rangi nyekundu begani ilikuwa na maana moja tu. Hata mtoto wa kutambaa aliijua.

Basi siku moja dresa wa zahanati, Mhaya mmoja mpole mwenye baiskeli, alibandika picha kwenye ukuta wa darasa la kanisa. Karatasi kubwa, nzuri, imetoka mbali.

Picha yenyewe ilikuwa mkono.

Mkono tu, wakuu! Umekatiwa begani. Hakuna kichwa, hakuna kifua, hakuna mtu. Na pale juu, karibu na bega, mstari mwekundu.

Chini yake kulikuwa na maandishi. Waliojua kusoma pale hawakufika watano, na mimi sikuwa mmoja wao.

Tulisimama kama watu waliofika msibani. Mzee mmoja akauliza kwa sauti ndogo, "Na mwenye huu mkono yuko wapi?"

Watu wakamgeukia dresa.

"Naam, dresa," mzee akaendelea, "nakuuliza wewe. Mwenyewe mmemweka wapi?"

Dresa akacheka, akidhani ni utani. "Mzee, hiyo ni chanjo ya ndui. Jumatatu ya wiki ijayo wote mje hapa, msiache hata mtoto mmoja."

Kile kicheko chake ndicho kilichotumaliza. Hadi natoka pale, habari ya magunia ya kahawa nilikwisha kuisikia kwa watu wawili. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimeongeza meli mimi mwenyewe.

Mke wangu Kokugonza alikuwa akinyonyesha. Binti yetu wa kwanza, Mbabazi, alikuwa na miezi minane. Nilimtazama yule mtoto anavyochezesha vidole, nikavihesabu vyote kumi.

Siku mbili baadaye ikaja habari nyingine: ndui imeingia Songambele. Nyumba tatu.

Ninyi mliozaliwa juzi hamuijui ndui. Ninaijua mimi. Mtu anawaka homa, kisha vipele vinajaa kuanzia usoni mpaka nyayoni, mama anashindwa kumtambua mwanawe. Anayepona anabaki na uso kama ardhi iliyonyeshewa mvua ya mawe. Wengi hawakupona, na watoto wachanga ndio kabisa.

Kwa hiyo mbele yangu mkono unakatwa, nyuma yangu ndui inakuja.

Nikaamua kukimbia vyote viwili. Tukahamia rweya, kule kwenye nyika ya malisho, kwenye kambi yetu ya ng'ombe. Nikamwambia mke wangu kule hakuna dresa wala ndui, kuna nyasi tu.

Kokugonza hakupenda. "Baba Mbabazi," aliniambia tukiwa njiani, "wewe huo mkono uliokatwa uliuona wapi?"

"Kwenye picha."

"Ukiacha picha?"

Nikakaza mwendo.

Siku nne tulikaa vizuri, nikajiona mwanaume mwenye akili kuliko wote Karagwe nzima. Kambini tulikuwa na mchungaji mwenzangu, Kagaruki, mtu wa vichekesho. Alikuwa akimrusha Mbabazi juu na kumdaka, mtoto anacheka mpaka anapaliwa.

Siku ya tano Kagaruki hakuamka kukamua. Nilimkuta amejifunika ngozi, meno yanagongana, jua likiwa kali. Nikasema ni homa tu. Nilisema hivyo kwa sauti kubwa ili nijisikie mwenyewe.

Siku mbili baadaye, mchana kweupe, alinyoosha mkono kupokea kibuyu cha maziwa, nikaviona vipele. Kwenye kiganja. Kwenye paji la uso.

Wakuu, kibuyu kilinidondoka. Maziwa yakamwagika chini, jambo ambalo kwetu ni baya mno, na wala hakuna aliyejali. Mimi nilikuwa nimegeuka namtazama mke wangu, na mke wangu alikuwa anamtazama mtoto. Jana yake tu mtoto alikuwa ametambaa mpaka kitandani kwa mgonjwa.

Kagaruki akasema, "Mwondoe mtoto hapa." Hakuwa anachekesha tena.

Kokugonza alikuwa amekwisha kumfunga Mbabazi mgongoni. "Mimi nashuka kwa dresa," akasema.

"Watamkata!"

"Wamkate. Nitamlea akiwa na mkono mmoja. Wewe ukitaka baki na mikono yako miwili."

Nikachukua mkuki nikamfuata. Mpango wangu ulikuwa huu: dresa akitoa msumeno tu, namchoma. Niliurudia mpango huo njia nzima, na ile njia niliyokuwa nikiipita kwa nusu siku naapa siku hiyo ilikuwa na urefu wa kufika Dodoma.

Tulipofika nilikuta kitu ambacho sikukitegemea.

Foleni.

Na ile picha ya mkono haikuwapo. Mahali pake, ukutani, palikuwa na mchoro mwingine, wa masizi na majivu na udongo mweupe.

Mwanamke amekaa chini, mzima, ana kichwa, ana miguu, nyuma yake migomba. Mtoto yuko mapajani, mikono yake yote miwili inaonekana. Mtu anamgusa begani kwa sindano. Pembeni kuna mchoro wa pili: mtoto yuleyule, amekua, ana kovu dogo jeusi begani, amebeba kibuyu cha maziwa. Amekibeba kwa mikono miwili.

Sikuhitaji kusoma chochote. Niliuelewa nikiwa mbali, mkuki begani.

Aliyechora alikuwa shangazi yangu Adelina, msusi wa vikapu. Naye hajui kusoma, lakini mapambo ya vikapu vyake watu walikuwa wakiyatambua kutoka mlima wa pili.

Baadaye alinisimulia. Tulipokimbia, alimfuata dresa akamfokea mbele za watu. "Mnatupaka kama ng'ombe wa kupigwa risasi, halafu mnatuuliza kwa nini tunakimbia?"

Dresa hakujua habari ya rangi ya bwana mifugo; kwake mstari ule ulionyesha tu mahali pa kuchanja. Shangazi alipomweleza, alikaa kwenye jiwe, akashika kichwa. Kisha akaibandua karatasi yake mwenyewe akasema, "Sasa mama, wewe ungechoraje?"

Hapo ndipo nampa heshima dresa yule hadi leo. Mtu wa serikali kumuuliza mwanamke wa kibanja, wa shamba la migomba, enzi zile!

Na shangazi hakuchora mara moja akaondoka. Alichora, kisha akawaita wanawake waliokuwa wakipalilia, akawauliza, "Mnaona nini?" Mmoja akasema anaona mtoto anang'atwa na siafu. Akafuta. Akachora tena. Mwingine akauliza kwa nini huyu mama hana viatu wala furaha. Viatu akakataa, furaha akaongeza. Mara ya tatu wote wakasema kitu kimoja. Ndipo akaacha.

Shangazi aliponiona na mkuki wangu mbele ya watu wote, akasema, "Karibu askari. Umekuja kuilinda chanjo?"

Foleni nzima ikacheka. Nikauegesha ukutani.

Mbabazi alilia kidogo, damu ikatoka tone. Kokugonza akachanjwa, na mimi nikachanjwa, nimefumba macho. Nilipofumbua nilihesabu mikono: sita.

Lakini hofu yenyewe ndiyo kwanza ilianza. Dresa alituambia ukweli: mtoto amekwisha kukaa na mgonjwa, chanjo huenda imewahi, huenda imechelewa. Akatutenga kwenye kibanda pembeni. Hakuna kingine cha kufanya ila kungoja.

Siku ya tatu bega la Mbabazi likavimba. Kisha homa ikaja. Nilikuwa namgeuza yule mtoto kila saa, natafuta vipele kwenye viganja, kwenye nyayo, nyuma ya masikio. Mke wangu anamnyonyesha, ananitazama namna ninavyotafuta, anatazama pembeni.

Kipele kilikuwa kimoja tu. Pale pale palipochanjwa. Kikakauka, gamba likaanguka. Wiki tatu zilipokwisha dresa akaja na baiskeli, akamkagua, akatuambia turudi nyumbani.

Kagaruki hakurudi. Alizikwa kulekule rweya na watu waliowahi kuugua wakapona, sisi hatukuruhusiwa kusogea. Mpaka leo inaniuma kwamba niliondoka pale bila hata kumwambia asante, wakati yeye ndiye aliyesema mtoto aondolewe.

Mbabazi sasa ni bibi, ana wajukuu na sauti ya kunigombeza.

Nilichojifunza ni hiki. Picha ni maneno, na maneno yanaweza kuua hata kama aliyeyasema alitaka kuponya. Mimi baadaye nilisoma ngumbaru, darasa la jioni, nikahitimu kwa kishindo (tulikuwa tisa, nilikuwa wa kwanza au wa nne). Nikiona leo bango la afya barabarani Chonyonyo huwa najiuliza: kabla halijachapwa, kuna mama wa huku aliyeulizwa anaona nini?

Ninyi mnaochora mabango na kutengeneza matangazo ya kwenye simu, njooni hapa mniambie. Mnawauliza watu au mnabandika tu? Na wewe ambaye picha iliwahi kukutia woga, usione haya, mimi nimekwisha kutangulia na mkuki. Mtakaosema natunga nimewasoma tayari, nanyi karibuni.

Kuhusu ule mkono wa kwanza, uliendelea kunisumbua miaka mingi. Siku moja, tukinywa lubisi, pombe yetu ya ndizi, kwenye harusi, dresa akiwa amestaafu, nikamvuta pembeni nikamuuliza mwenye mkono ule alikuwa nani, na alipelekwa wapi.

Akaniambia, "Hakukuwa na mtu. Aliyechora alichora mkono peke yake kwa sababu chanjo inachanjwa mkononi."