Siku Niliyogawa Sanda ya Mama Yake Da Mwajuma

Jamani, hili jambo hata leo nikilieleza naziba uso kwa kanga, lakini kwa kuwa video yenyewe wengi mmeshaiona (ndiyo, ile ya mzee anayekimbia ngazini kavaa nyeupe), acha niseme kwa mdomo wangu: mimi ndiye niliyegawa sanda ya mama wa mtu. Na mama mwenyewe alikuwa hai, yuko Tanga kitandani, anaisubiri.

Hapa Doha nakaa Al Thumama na Da Mwajuma, chumba kimoja, vitanda viwili, kabati moja. Yeye ni mpishi kwenye nyumba ya Waarabu, amenizidi miaka kumi na tano. Mimi natandika vitanda hotelini. Wote tuna ugonjwa wa kutotupa kitu: maboksi ya simu zilizokufa, makopo ya mtindi, mabegi yasiyo na magurudumu, mifuko ndani ya mifuko. Alhamisi moja nikaona kwenye simu dada mmoja anaeleza mbinu rahisi za kupunguza vitu nyumbani: chukua mifuko mitatu, mmoja wa vya kubaki, mmoja wa kugawa, mmoja wa kutupa, usikifikirie kitu zaidi ya sekunde tano, na chochote ambacho hakijaguswa mwaka mzima, kiage. Ijumaa ni siku yangu ya mapumziko, Da Mwajuma alishatoka alfajiri kwenda kupika, na kesho yake alikuwa anasafiri kwenda kumuuguza mama yake, nikasema arudi akute chumba kinapumua.

Nilifanya kazi kama nimetumwa. Juu ya kabati, nyuma kabisa, nikakuta mfuko mweupe wenye vumbi la kuandikia jina, nikachungulia, vitambaa vyeupe vimekunjwa vizuri. Sasa mwenzenu kutwa nzima nashika mashuka meupe, nikiona cheupe naona kazi. Kulikuwa na harufu kali nikadhani ni dawa ya mende, sekunde tano zikaisha, nikautia kwenye vya kugawa.

Chini getini Otieno, mlinzi wetu, Mkenya wa Kisumu, alikuwa anamaliza zamu. Kila Ijumaa asubuhi akitoka kazini huwanyoa wenzake kambini kwao, Al Rayyan.

"Sista, hizi vitambaa ziko fiti sana," alisema. "Hizi zitanisaidia kwa kazi yangu ya kunyoa."

"Chukua zote kaka, sisi hatuna haja nazo."

(Hatuna haja nazo! Nikiikumbuka kauli hiyo mwili unanisisimka.)

Nilirudi juu nikakuta chumba kimekuwa kikubwa mpaka nikikohoa sauti inanirudia. Ajabu ni ile harufu. Mfuko ulishaondoka lakini harufu ilibaki, nikapiga deki, nikafungua dirisha, nikawasha feni, nayo imetulia palepale upande wa kitanda cha Da Mwajuma kana kwamba kuna mtu kaketi. Nikaanza kujiimbia ili nisikie sauti ya binadamu. Ndipo simu ikalia.

"Zuhura mdogo wangu, nifanyie hisani," alisema Da Mwajuma. "Juu ya kabati kuna mfuko mweupe, nitilie kwenye begi. Ni sanda ya mama. Niliifua kwa maji ya Zamzam nilipokwenda Umra, nikaitia na karafuu maiti. Kila siku ananiuliza, mwanangu, unakuja nayo? Nikifika mikono mitupu sijui nitamtazama vipi."

Na mimi, badala ya kusema ukweli, nikajibu, "Tayari dada, iko kwenye begi."

Nilipokata simu ndipo nilipoijua ile harufu. Niliinusa Morogoro, nikiwa darasa la sita, siku walipomwosha bibi yangu.

Nikampigia Otieno, hapokei. Nikavaa baibui juu ya nguo za deki nikakamata teksi. Asubuhi ya Ijumaa mji unakuwa kama umehamwa, maduka yamefungwa, barabara nyeupe kwa jua, hakuna hata anayevuka. Dereva, Mpakistani mtu mzima, alinusa mara mbili, akanitazama kwenye kioo, akasema, "Kafur?" Ndivyo wanavyoiita karafuu maiti. Akafungulia Kurani redioni na hakunitazama tena mpaka tunafika.

Koridoni kwa akina Otieno kulikuwa kimya, viatu vimepangwa nje ya milango iliyofungwa, mlango mmoja tu wa mwisho uko wazi kidogo na mashine ya kunyolea inanguruma. Nikausukuma. Cha kwanza nilichokiona ni mtu amelala kitandani, kafunikwa nyeupe kuanzia utosini mpaka vidoleni. Cha pili ni mzee kwenye kiti, kichwa kimelala nyuma, macho kafumba, uso umepakwa poda, masikioni pamba (Otieno huwaziba wateja nywele zisiingie), na shingoni kavishwa kile kipande chenye tundu, kinachokatwa kuwa kanzu ya maiti. Kilimkaa sawasawa. Wanaume wanne waliokwisha kunyolewa wamekaa ukutani, vichwa vinang'aa, hawasemi neno, na karafuu maiti imejaa chumba kizima.

Halafu yule wa kitandani akaketi.

Nilipiga ukelele ambao sikujua ninao, nikaweka mikono kichwani nikaanza "Inna lillahi" kwa sauti ya msibani hasa. (Alikuwa kijana wa Uganda, kashanyolewa, kalala tu, baridi ya eisii inampiga.) Otieno akazima mashine.

"Sista, kwani nani amekufa?"

"Vueni!" nikasema. "Vueni nyote, hiyo ni sanda!"

Ningeweza kusema ni mashuka ya dada yangu nayataka, yakaisha kimyakimya, lakini ulimi ulishatangulia. Yule mzee wa kwenye kiti, Mzee Shabani, dereva, Mtanzania mwenzangu wa Kigoma, alifumbua macho (pamba haikumzuia kulisikia neno hilo), akajitazama, akavuta kitambaa kikakwama shingoni, akatoka mbio nusu kichwa kimenyolewa. Milango ya koridoni ikafunguka, watu wakamwona mzee mwenye poda na pamba masikioni anawajia ndani ya sanda, milango ikafungwa kwa kishindo. Mimi nyuma yake nalia, "Mzee, usiichane, mwenyewe anaihitaji!" Ngazini tukakutana na kundi la wanaume wenye kanzu wanaokwenda kuswali, na hapo ndipo mtu mmoja alipotoa simu.

Nilirudi nyumbani na vipande vyote vitano vimejaa nywele za watu sita. Da Mwajuma alishanitangulia kufika. Kaketi kitandani, begi liko wazi miguuni, na kwenye simu yake nasikia sauti yangu mwenyewe ikilia, "Mzee, usiichane!"

"Iko kwenye begi, Zuhura?" aliniuliza taratibu.

Nililia nikamweleza yote. Hakunitukana, na ningefurahi kama angenitukana. Alipiga simu Tanga, akaiweka sauti ya juu nami nisikie.

"Mama, nisamehe. Sanda yako imevaliwa."

Tulisikia pumzi tu, nzito, inakwenda na kurudi. "Na nani?"

"Na wanaume sita, mama. Walikuwa wananyolewa."

"Wazima?"

"Wazima."

Pumzi ile ikasimama kwa muda hadi Da Mwajuma akanishika mkono. Kisha tukasikia kitu ambacho mpaka leo sijui kama ni kicheko au kikohozi.

"Basi ifue uje nayo hiyo hiyo," alisema mama huyo, Bi Mwanaidi. "Mimi nilikuwa naogopa kuivaa peke yangu. Na uniandikie majina yao."

Tuliifua pamoja. Mimi nikatumwa tena Al Rayyan kuomba majina, fikirieni aibu hiyo, wanaume wanachungulia madirishani, "yule dada wa sanda karudi!" Watano waliniandikia. Mzee Shabani alikataa, akaondoka, akarudi, akalisema lake kwa sauti ndogo.

Da Mwajuma alikwenda na amesharudi. Bi Mwanaidi yuko hai, sanda anailalia chini ya mto, na kila Ijumaa asubuhi hunitumia ujumbe wa sauti akiwaulizia vijana wake sita, mmoja mmoja kwa jina. Kila Ijumaa mchana naye Mzee Shabani hunipigia. "Yule mama bado yupo?" Namwambia yupo. "Alhamdulillahi," husema na kukata.

Mimi nimeapa, kitu cha mtu sikigusi tena, kijae vumbi, kioze, kituangukie, na uwongo mdogo wa kwenye simu nao nimeuacha. Chumba chetu kimeshajaa makopo upya na sisemi neno.

Leo ni Ijumaa. Ujumbe wa Bi Mwanaidi umefika tangu asubuhi, safari hii ametaja jina moja tu, la Mzee Shabani, anauliza mbona kimya, na wakati huo saa ya mzee kunipigia ilikuwa haijafika. Alasiri imeshapita na mzee hajapiga simu, na mimi naogopa kumpigia.