Jina la Chini ya Plani

Bosi alinipa kazi ya kutengeneza faili moja ya kuanzia kila mchoro mpya, ili kompyuta zote kumi za ofisi yetu ya kuchora plani, yaani ramani za migodi, zifunguke na karatasi ile ile, mistari ile ile, na kisanduku cha jina la mchoraji chini kulia. Katika kujaribu, niliandika jina la mwenzangu wa meza ya pili. Nikasahau kulifuta, nikaisambaza. Tangu hapo kila plani ilitoka na jina lake, na sisi wajinga tukacheka, tukamwita shefu, mkubwa wa plani zote.

Vurugu za uporaji zilipoanza mjini, askari waliingia na plani ya ghala la baruti la mgodi waliyoikuta kwa waporaji. Mmoja akasoma lile jina. “Huyu muntu iko wapi?”

Mwenzangu akainua mkono, kwa adabu. Mkono huohuo wakaulaza juu ya meza yake, wakamvunja vidole kwa kitako cha bunduki, kimoja kimoja, huku akiapa kwamba hakuichora.

Niliichora mimi. Nilikuwa hatua mbili tu kutoka pale, nikitazama viatu vyangu.

Kesho yake nilipita kompyuta zote kumi, nikafuta jina lake. Langu sikuliandika.