Shahidi wa Oili

Barabara yetu ya magereji hapa Kariobangi inanijua kwa mambo mawili: mandazi na mdomo. Mandazi nakaanga tangu alfajiri, mdomo naufungua bila kuulizwa. Nikimwona fundi anamdanganya mteja, namwambia palepale, na nimeshafukuzwa mbele ya mageti matatu kwa sababu hiyo. Nayasema haya mapema ili mtu asidhani kwamba mimi, Awiti, nilizaliwa mwoga.

Ninayetaka kumweleza ni Mama Ayuma. Jina lake la kanisani ni Phelister, mjane wa Luseno aliyefanya kazi karakana ya reli mpaka akastaafu. Kwa miaka saba mama huyu alikuwa na kazi ambayo sijasikia mtu mwingine akiifanya. Alikuwa anakaa kwenye stuli gerejini na kuangalia oili ya magari ya watu ikibadilishwa.

Utacheka, na mimi nilicheka. Lakini hebu fikiria. Wewe umeajiriwa Industrial Area, au una duka lako Fedha, na gari linataka oili mpya. Unaliacha kwa fundi asubuhi, jioni unalikuta limeoshwa, unaonyeshwa galoni tupu na tabasamu. Utajuaje kama ile ya zamani ilitoka? Kuna wanaomwaga nusu na kujazia. Kuna wanaosugua filta ya zamani kwa petroli mpaka ing'ae, kisha wanairudisha. Kuna wanaochuja oili iliyotumika na kuitia kwenye galoni yenye jina kubwa. Gari halilii siku hiyo. Linalia baada ya miezi, ukiwa mbali, na fundi amesahau hata sura yako.

La kwao lilimlilia Luseno. Alikuwa na gari dogo alilolinunua alipostaafu, akalipenda kupita kiasi, na wiki mbili kabla ya kifo chake alilipeleka kwa Mutisya, gereji iliyo mkabala na kibanda changu, libadilishwe oili. Mutisya alikuwa na haraka ya kwenda kwingine. Akajazia tu, akafunga boneti. Asubuhi moja Luseno akabanwa na kifua, jirani akashika usukani, Mama Ayuma akakaa nyuma amekipakata kichwa cha mumewe. Kwenye Jogoo Road injini ikakwama, ikafa. Walisukuma mpaka kando. Gari la pili lilipokuja kuwachukua, Luseno naye alikuwa amekwisha kufa.

Injini ilipofunguliwa ndani mlikuwa na tope jeusi la kuchotwa kwa kijiko. Mutisya hakubisha. Alikwenda matangani, akasimama getini, hakuthubutu kuingia.

Wiki ya pili baada ya mazishi Mama Ayuma alikuja na stuli yake, akaiweka ndani ya gereji ya Mutisya, akakaa. Sisi wa vibanda tuliacha kazi, tukijua leo kuna moto. Mutisya akamuuliza kwa sauti ndogo anataka nini. Akasema amekuja kuangalia. Basi. Kesho yake akaja tena. Mutisya hakumfukuza hata siku moja, na tangu hapo hakuna mtu aliyesema Mutisya kamwibia hata tone. Walikaa hivyo miaka saba, hawacheki pamoja, hawali pamoja, salamu asubuhi na kwaheri jioni.

Wateja ndio waliofanya iwe kazi. Mmoja alimwomba amwangalilie, akaja wa pili, mwishowe hata magereji ya jirani yakawa yanamwita. Alikuwa na utaratibu wake. Kabla nati haijaguswa, aliitia filta ya zamani nukta ya rangi nyekundu ya kucha. Hakuwahi kupaka kucha maishani, ile chupa ilikuwa ya kazi. Injini ikapashwa moto kidogo, nati ya chini ikafunguliwa mbele yake, naye akangoja mpaka mkondo uwe matone na matone yaanze kuachana. Filta yenye nukta aliletewa mkononi. Galoni mpya aliifungua mwenyewe, hakuna mwingine aliyekigusa kizibo. Mwisho kijiti cha kupimia kilifutwa kwenye kitambaa chake cheupe, akakitazama kitambaa kwenye mwanga. Ndipo alipompigia mwenye gari simu na kusema, "Nimeona." Watu waliondoka na watoto wao mpaka Busia kwa kutegemea neno hilo moja.

Pasaka ya mwaka jana nilimpa kikombe cha chai, naye akakiweka hewani, kando ya meza. Kilipovunjika hakutazama chini. Aligeuza uso upande wangu, nikajua kwamba amejua nimejua.

Kliniki walimwambia ni presha ya macho, na kwamba kilichokwenda hakirudi. Alipewa dawa ya matone ya kulinda kilichobaki, nacho kilikuwa mwanga tu, vitu vyenyewe havioni. Ayuma, binti yake, aliolewa Kitale na ana mzigo wake. Mama Ayuma akiacha stuli atakula nini? Aliniomba niwe macho yake. Kibanda changu kiko hatua kumi kutoka pale, mimi nitazame, yeye aseme. Nilikubali, na nikwambie ukweli, nilijisikia mtu mkubwa. Kwa miezi mitatu niliifanya kazi ile kwa haki. Niliacha karai motoni, nikainama chini ya magari na kanga yangu, nikatia nukta, nikamnong'oneza rangi ya oili. Hakuna aliyeshuku, wote walidhani Awiti amezidisha udaku.

Halafu mke wa Shitanda akafariki.

Shitanda ni mwenyekiti wa chama chetu cha kuzikana, cha sisi tuliotoka magharibi tunaoishi mitaa hii. Chama kina basi dogo lililotolewa viti vya nyuma ili jeneza lipate nafasi. Kwetu mtu hazikwi Nairobi kama jamaa zake wana nguvu hata kidogo, na basi lile limewarudisha wengi nyumbani. Safari ya Butere ilikuwa iondoke Alhamisi alfajiri. Jumatano Caleb, dereva wa chama, akalileta kwa Mutisya libadilishwe oili, na Shitanda akatuma neno kwamba yeye hatalala kama Mama Ayuma hajakaa pale.

Jumatano hiyohiyo nilikuwa nimeagizwa mandazi ya waombolezaji wote, makarai matatu.

Nukta niliitia asubuhi, hilo nililifanya. Baadaye unga ulikuwa umeumuka vizuri na mafuta yalikuwa na moto wake sawasawa, na mtu wa mandazi anajua dakika hiyo hairudi. Nilikuwa nimewapa mgongo. Nikamsikia Mama Ayuma akiniita kwa ile sauti yetu ya chini.

"Awiti, imetoka yote?"

"Yote," nikasema.

"Na galoni, kizibo hakijaguswa?"

"Hakijaguswa, Mama."

Sikugeuka. Nilikuwa nageuza mandazi. Nikamsikia akipiga simu, akimpa pole Shitanda, kisha akimwambia ameona.

Walivuka Naivasha vizuri. Mbele kidogo, kwenye mlima mdogo ambao hata baiskeli haiuogopi, basi lilitoa moshi na kuzima. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi. Caleb alijaribu mpaka betri ikaisha. Wakapiga simu huku na huku, kila gari lina safari yake, na jua likapanda. Jeneza lilikaa ndani ya bati lile mpaka saa tisa. Wanawake walikuwa wakilipepea kwa leso zao. Walikula mandazi yangu kando ya barabara, wakiwapungia mkono watu wasiosimama. Aliyesimama mwishowe alikuwa mwenye lori la kabeji. Mke wa mwenyekiti, mama aliyewazikia watu wazazi wao, alifika kwake juu ya kabeji, wakwe wamepanga mstari wakitazama, na wale ambao pua zao hazikuvumilia wakajifanya wanatafuta maji.

Jumanne walirudi Nairobi, na kabla ya saa nne walikuwa ndani ya gereji ya Mutisya, wanaume kama ishirini. Waliikumbuka habari ya Luseno vizuri kabisa. Mutisya aliapa kwamba alimwaga yote na kuweka filta mpya. Shitanda, macho mekundu, hakutaka kelele. Alisema hakuna haja ya kubishana, Mama Ayuma yupo, atakachosema ndicho.

Wakamleta na stuli yake. Mutisya akamwambia, "Mama, waambie tu. Si ulikuwa umekaa hapo?"

Ukumbuke Mama Ayuma ni mtu ambaye mumewe alimfia mapajani. Angetaka kulipiza, angesema hakuona oili ikitoka, wangemmaliza Mutisya palepale na hakuna ambaye angemlaumu. Angetaka kujiokoa, angesema ameona, kama alivyosema kwenye simu. Mimi nilikuwa hatua kumi, na koleo mkononi.

"Mutisya, sijui ulifanya nini," alisema. "Ningejua ningesema. Shitanda, mimi sioni. Tangu Pasaka sioni."

Shitanda akauliza kama wasioelewa wanavyouliza, "Na yale magari yote? Ulikuwa unajuaje?"

"Nilikuwa nakisia," akasema Mama Ayuma.

Mtu aliyekuwa hadanganyi alitoa uongo mmoja, akautoa kwa ajili yangu. Nami, Awiti wa mdomo, nilisimama pale. Ningesema nini? Kwamba niliona, wakati sikuona? Au kwamba aliniuliza mimi, nami nikamjibu kwa kisogo? Hilo la pili ndilo lililotakiwa, na lilikuwa maneno machache tu. Lakini wale wanaume ni wateja wangu, na hasira yao ilikuwa inatafuta mahali pa kukaa. Niliogopa. Nilifunga mdomo siku pekee ambayo mdomo wangu ungekuwa na maana.

Walimgeukia yeye kwanza. Kijana mmoja wa ukoo wa marehemu akamwambia, "Umetuuzia macho huna, mathe," na wengine wakasema makubwa zaidi ambayo siwezi kuyarudia kwa mama wa umri ule. Kisha wakasema Mutisya alijua kwamba haoni ndiyo maana akawafanyia alivyofanya, na hapo hapakuwa na wa kumtetea tena. Walipindua mapipa. Walibeba sanduku la vyuma vyake. Mtu mmoja alimpiga mkono wa kulia kwa spana ya magurudumu, nao ukavunjika, nilisikia. Oili chafu ilitiririka barabarani mpaka miguuni pa jiko langu. Mama Ayuma alikuwa bado amekaa katikati ya vurugu ile, akigeuza kichwa kila upande palipotokea sauti, akiomba waache.

Baada ya wiki mbili fundi wa Naivasha aliyelivuta basi lile alimaliza kulifungua. Alimwambia Caleb kwamba oili ilikuwa mpya na safi, na filta mpya, haina nukta yoyote. Kilichopasuka kilikuwa bomba la maji. Caleb aliona mshale wa joto ukipanda, akaona bora amalize mlima kwanza. Nitasema la haki juu ya Shitanda: alikwenda kumtafuta Mutisya amwombe msamaha. Hakumpata. Alisharudi kwao Ukambani na mkono wake, na simu haiingii. Gereji sasa ni mahali pa kuoshea magari.

Mama Ayuma hakuja tena barabarani. Anakaa chumbani kwake Kariobangi South, filta zake za zamani zimepangwa chini ya dirisha, kila moja na nukta yake. Chakula kanisa linamletea. Mimi nampelekea chai kila siku nikifunga kibanda. Nimekwenda mara nyingi na yale maneno machache yako kooni, nikarudi nayo. Yeye hajawahi kuniuliza kitu. Huniuliza habari za soko na kama miguu bado inaniuma, na hilo linanichoma kuliko matusi.

Jana alikuwa ameketi kitandani na kichupa chake cha matone. Akakinyoosha upande wangu.

"Awiti, nisomee tarehe hapo chini. Isije ikawa imepita."

Nilikuwa naosha kikombe chake kwenye beseni, mikono imejaa sabuni, na karai langu nimeliacha kwa jirani.

"Bado iko sawa, Mama," nikasema.

Hakuishusha mikono. Kichupa kilibaki pale hewani, kikingoja.

"Soma tena," akasema, bila ukali wowote. "Na leo ugeuke."

Nilijifuta mikono kwenye kanga, nikageuka, nikakichukua kichupa na kukipeleka dirishani. Dawa ilikuwa imepitwa na tarehe tangu mwezi uliopita.